Mfuko wa Mahameli

Nilianza na mfuko wa maua ya waridi, wenye kamba ya kukaza mdomo. Kabla ya hapo ufumaji wangu ulikaa kwenye mfuko wa plastiki wa mkate, na anayefuma anajua adha yake: sindano zinatoboa, uzi unatokea tunduni na kukufuata kama mkia. Siku moja pale stesheni ya treni ya Seven Hills, hapa Sydney, mama mmoja alishuka nyuma yangu na bonge langu la uzi mkononi, barakoa imemshuka kidevuni, anacheka mpaka anakohoa, na watu wote wakamkimbia. Nikasema basi. Mtu anayefua mashuka ya wazee kutwa nzima hawezi kukosa kitu kimoja kizuri cha kwake.

Mfuko ulipofika niliingiza soksi niliyokuwa nafuma, nikakaza kamba, nikaulegeza, nikakaza tena. Uzi ulikuwa ule ule na sindano zile zile, lakini sasa soksi ile ilionekana ina kwao.

Nikaongeza mwingine, wa kitani chenye korongo weupe. Kisha wa kitenge. Kisha wa kijani wenye zipu na kijifuko cha ndani cha mkasi. Niliitundika kwenye ndoano za kubandika, ukuta wa sebuleni, kila kazi na nyumba yake: soksi huku, kofia ya mtoto kule, skafu pale. Nikirudi kutoka kazini niliitazama kwanza hiyo kabla sijavua koti.

"Nina," Baba aliniambia, "uzi wako unakaa vizuri kuliko mimi. Mimi kiti changu mumeokota barabarani."

"Baba, kiti hicho umekiokota mwenyewe."

"Ndiyo maana nakijua ubaya wake."

Baba yangu anaitwa Melchior. Tulikuwa tunaishi wawili tu, fleti ya chini, Toongabbie, tangu Mama afariki. Mama Anésie aliondoka majira ya baridi ya mwaka 2020, kwa moyo, si kwa ule ugonjwa, ingawa ugonjwa ndio uliotupangia nani aingie kanisani na nani aangalie kwenye simu. Ndiye aliyenifundisha kufuma, kwenye kambi ya wakimbizi ya Kigoma, kwa vijiti vya miavuli mibovu vilivyonolewa kwenye jiwe. Alipofariki alikuwa anamfumia Baba sweta ya rangi ya kahawa iliyokaangwa. Kipande cha mgongo kilikuwa kimefika nusu. Sindano zilibaki humo humo.

Kwetu Warundi, mtu akifa na kazi yake mkononi, kazi ile inakaa kama ilivyo mpaka siku ya kuganduka. Kuganduka ndiyo siku ya kuondoa msiba, mwaka ukishapita. Ndugu wanakusanyika, wanakunywa, mtoto mkubwa wa kiume anasimama na kumwambia marehemu kwamba msiba umekwisha, kisha vitu vyake vinagawiwa. Wa kupewa jembe anapewa jembe. Kabla ya hapo jembe halishikwi wala halihamishwi kutafutiwa mahali pazuri zaidi. Linalala lilipolala. Kwa hiyo sweta ya Baba ilikaa juu ya kabati, ndani ya mfuko wa mchele alimoiweka Mama mwenyewe.

Mwaka ulitimia Julai, na Julai ile Sydney ilikuwa imefungwa. Ndugu wa Adelaide na Brisbane walikuwa wameshakata tiketi, mipaka ikafungwa. Kaka yangu Gad yuko Kensington, jiji hili hili, anasoma chuo na amepanga nyumba na wenzake, na hata huko hatukuruhusiwa kwenda. Sisi wa magharibi tulizungushiwa kilomita zetu chache na helikopta ya polisi ikawa inatuangalia kutoka juu. Treni zilipita Toongabbie na taa zote zikiwaka, ndani hamna mtu.

"Tusifanye ya haraka haraka," Gad alisema kwenye simu. "Mama anastahili kitu cha maana. Tukodi ukumbi, watu waje, tule vizuri. Tusubiri wafungue."

"Baba anasemaje?"

"Baba amesema sawa."

Baba alikuwa ameketi hapa pembeni yangu na hakuwa amesema kitu.

Sasa, kazini kwetu, kwenye ile nyumba ya wazee, kuna nesi Mkenya anaitwa Peninah. Siku zake za mapumziko anashona mifuko. Mchana mmoja alikuja mlangoni pa chumba cha kufulia, akasimama kwenye mstari wa kutokaribiana uliobandikwa sakafuni, ameficha kitu nyuma ya mgongo.

"Nina! Kuja uone. Lakini usinikaribie, baki hapo kwa hiyo laini."

"Nini?"

"Ya mwisho ya ile pazia nilipata kwa mitumba. Ukikataa namuuzia Mzungu, na utalia."

Akautoa. Ulikuwa wa mahameli ya buluu, mazito, buluu inayokaribia weusi, na mipini miwili ya mbao iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Bitana yake ilikuwa ya hariri yenye ndege wadogo wa dhahabu. Ukiingiza mkono ndani ilikuwa kama umeutia kwenye maji ya vuguvugu.

"Ni mkubwa mno," nikasema. "Mimi nafuma soksi."

"Si ufume kitu kubwa basi! Unajinyima nini? Hii korona ikitumaliza unataka tukuzike na ile plastiki ya mkate? Jibambe, dada."

Niliuchukua. Nani angeuacha?

Nyumbani niliutandaza mezani na kuanza kuutafutia mkazi. Soksi ilipotea ndani yake. Skafu ilijikunja chini kama paka kwenye chumba kitupu. Nikainua macho, na juu ya kabati nikauona ule mfuko wa mchele, una tundu ubavuni na vumbi la mwaka mzima. Nikajiuliza: soksi zangu zilale kwenye korongo na waridi, mkono wa Mama ulale kwenye gunia? Nikapanda kiti. Sikugusa sindano. Niliinamisha mfuko wa mchele kwenye mdomo wa mahameli, sweta ikateleza yenyewe ikaingia, na bonge la uzi likafuata. Ilienea kabisa. Nikauweka kwenye kiti cha karibu na dirisha, alipokuwa anakaa Mama, kwa sababu hapo ndipo penye mwanga na mahameli yanapendeza kwenye mwanga.

Baba alirudi kutoka kuzunguka nyumba, mazoezi yake. Akasimama.

"Sweta ya mama yako iko wapi?"

"Hii hapa, Baba. Nimeitafutia mahali pazuri."

Alikuja akapitisha kidole kwenye mahameli, kwenda na kurudi, kitambaa kikabadilika rangi chini ya kidole chake.

"Umemufungulia kazi," akasema.

Nilingoja anikaripie. Hakunikaripia. Akaenda kunyoa ndevu.

Siku chache baadaye niliangalia ndani, kwa ajili tu ya kuufungua mfuko mzuri na kuona ndege wa dhahabu. Kipande cha mgongo nilikiona kirefu. Nikajiambia ni macho yangu tu. Nikachukua pini ya nepi nikaichomeka ukingoni, chini kabisa ya sindano, pale vitanzi vinapoanzia. Nilipotoka kazini nikafungua tena. Pini ilikuwa pale pale nilipoichomeka, na juu yake kulikuwa na upana wa vidole vinne wa sweta.

Kila anayefuma ana mkono wake, kama mwandiko. Mama alikuwa anauvuta uzi kwa nguvu kila anapoanza mstari, basi ukingo wa kazi zake ulikuwa na meno madogo madogo, kama umetafunwa na mtoto. Vidole vinne vile vilikuwa na meno.

"Baba, wewe unajua kufuma?"

"Mimi?" Akanionyesha vidole, vilivyopinda kwa miaka ya kutengeneza baiskeli. "Na hivi? Hata kifungo unanifungia wewe."

Nikarudisha pini juu. Kesho yake ilikuwa chini tena.

Jumamosi nilikuwa jikoni naosha vyombo, mchana kweupe, jirani anakata majani nje. Alipozima mashine nikasikia sebuleni: tik, tik, tik. Kisha kimya kidogo, kama mtu anayegeuza kazi. Kisha tik, tik. Nilifunga bomba ili nisikie vizuri. Sauti nayo ikakoma, kama mtu aliyekuwa anazungumza akagundua anasikilizwa. Nilichungulia. Kiti kilikuwa na mfuko, mfuko umefunga mdomo, mipini yake ya mbao ikiyumba kidogo mmoja ukigonga mwenzake. Baba alikuwa ameketi mkabala nao, shati jeupe, nywele amezichana kwa maji.

"Endelea na vyombo," akaniambia kwa upole. "Hapendi kusimamiwa."

Baada ya hapo nikaanza kumwangalia Baba kuliko nilivyoangalia mfuko. Mimi ni mtu wa kuangalia, kazi zangu zote zimenitaka hivyo. Alianza kula nusu sahani, kisha robo. Vidonge vyake vya presha alivipanga vizuri kwenye kisahani na kuviacha hapo. Redio yake alimpelekea mzee Mlebanoni wa ghorofa ya juu, akaiacha mlangoni kwake, akarudi amefurahi. Akaniomba nimpigie rangi viatu vya kanisani.

"Kanisa limefungwa, Baba."

"Najua."

Alipopata kikohozi kidogo nilimvua shati nimpake mafuta ya mnanaa mgongoni. Niliweka kiganja nikakiondoa. Mgongo ulikuwa wa baridi kama vigae vya bafuni, kuanzia kiunoni mpaka mabegani, ulikata pale pale mabegani kama mstari, na shingo ilikuwa ya moto. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeona kipande cha mgongo kimefungwa na kukunjwa vizuri chini ya mfuko. Kipande cha kifua kilikuwa kimeanza.

"Unasikia baridi?"

"Hapana. Mimi sisikii kitu huko."

Nilimpeleka kwenye sindano yake ya pili ya chanjo. Mlangoni walimwelekezea kile kipimajoto cha bunduki kwenye paji la uso, kikasoma sawa, maana paji la uso halivai sweta. Yule nesi wa chanjo alimshika mkono wa kushoto, wa moto vizuri, akachoma, akampapasa kifuani kwa utani wa kumwambia ajikaze. Nilimwona anautazama mkono wake mwenyewe, kisha anaufutia kwenye aproni.

Hapo ndipo nilipojua kinachofanyika nyumbani kwangu. Sweta ile ilikuwa na kipimo cha mtu mmoja. Ingekwisha, naye angeivaa na kuondoka. Na mimi nilikuwa na huyo mmoja tu.

Asubuhi moja Baba akiwa bado chumbani, niliutoa ufumaji, nikachomoa sindano, nikaanza kufumua kipande cha kifua. Uzi ulitoka kwa urahisi, umejikunjakunja. Mstari, mstari. Kutoka chumbani, mlango umefungwa, sauti ya Baba ikasema:

"Nina, unanivua nguo?"

Niliacha kuvuta. Nikavirudisha vitanzi kwenye sindano kimoja kimoja, vingine vikaniponyoka. Niliporudi kutoka kazini vilivyoponyoka vilikuwa vimeokotwa, nilichofumua kimerudi, na zaidi.

Nilimweleza Peninah, yeye kwenye laini yake na mimi kwenye yangu.

"Wee. Ni bag ama ni panya?"

"Panya hafumi."

Akapandisha barakoa yake. "Nina, hiyo ni pazia tu. Niliifua mara mbili na dawa. Nilishona nikiangalia televisheni, nikicheka. Hakuna kitu niliweka."

"Najua. Si mfuko. Ni mimi niliyeweka ndani kitu ambacho hakijaruhusiwa kuhama."

"Basi rudisha kwa gunia!"

Nilijaribu. Mfuko wa mchele nilikuwa nimeutupa, nikatafuta mwingine wa aina ile ile, nikaipakia sweta, nikaipandisha juu ya kabati. Jioni ilikuwa kwenye kiti cha dirishani, ndani ya mahameli, na gunia limekunjwa vizuri mara nne kama Mama alivyokuwa anakunja magunia.

Nikampigia Gad.

"Sema maneno," nikamwambia. "Hata kwa simu. Baba ashike simu, mimi nishike sindano, wewe useme."

"Kuganduka kwa Zoom? Mama yetu? Baba mdogo Fidèle atanichinja. Sikiliza, sis, unafanya overtime nyingi mno. Baba ni mzee, damu haizunguki vizuri. Mvalishe soksi."

"Si miguu, Gad."

"Wakifungua tu nakuja. Promise. Nimepata ukumbi tayari, Blacktown."

"Sweta haitangoja ukumbi wako."

"Sweta gani tena?" akasema, na kwa sauti ile nikajua anamfanyia mtu mwingine chumbani kwake ishara ya kichwa kuhusu mimi.

Nilibakiwa na tumaini moja. Uzi wa kahawa ulikuwa unaelekea kwisha. Mama aliununua dukani ambako siku hizi wanauza simu, na rangi ile haipatikani. Kifua kilipofungwa shingoni bonge lilikuwa kama limao. Kisha kama kunde. Kisha nikafungua mfuko nikakuta ndege wa dhahabu watupu chini, na mkono wa kulia wa sweta umeanza tu, kama bangili. Siku hiyo niliimba njia nzima mpaka kazini, ndani ya barakoa.

Niliporudi, bangili ilikuwa imepanda nusu ya mkono, na ilikuwa ya rangi ya waridi.

Nikageukia ukuta. Mfuko wa kwanza, ule wa maua, ulikuwa umening'inia bapa. Nilikaza kamba, nikalegeza, nikaingiza mkono. Soksi zangu hazikuwamo. Sindano zake zilikuwamo, tupu, zimelazwa sambamba.

Baada ya waridi ikaja nyeupe, kutoka kwenye korongo, kofia ya mtoto ambaye hata hajazaliwa. Kisha manjano ya kwenye kitenge. Nilihamishia mifuko kabatini nikafunga kwa ufunguo na ufunguo nikaenda nao kazini. Nikakuta imetundikwa ukutani kwa mpangilio wake, mmoja zaidi umekonda. Nyumba nzuri zote nilizoujengea uzi wangu zikawa zinahamwa moja moja. Mkono wa kulia wa Baba ukawa wa baridi kuanzia bega mpaka kwenye kucha. Akawa anashika kikombe cha chai ya moto bila kishikio, anakizungushia vidole, hana habari.

Kisha ikaja siku ya Septemba niliyotoka kazini mapema. Jua lilikuwa limejaa sebuleni mpaka kwenye zulia. Baba alikuwa kwenye kiti chake, shati jeupe, viatu vinang'aa, ameinua mikono yote miwili mbele ya kifua, viganja vikitazamana. Uzi wa kijani, wa skafu yangu, ulikuwa umezungushwa viganjani. Ndivyo alivyokuwa akimshikia Mama siku zote akikunja uzi, anakaa kama mtu anayesimulia ukubwa wa samaki. Uzi ulikuwa unatoka. Taratibu, kulia, kushoto, kulia, unapita juu ya zulia kwenye jua na kuingia mdomoni mwa mahameli. Na ndani ya mahameli, tik, tik, tik.

Hawakuacha nilipoingia.

Basi haukuwa mkono wa Mama uliofungua mifuko yangu. Nilikuwa nikijua, nadhani. Kabati lile lina ufunguo wa pili.

"Baba, shusha mikono."

"Uzi utasokotana."

"Acha usokotane."

"Ameshafika mukono wa pili. Vraiment, kweli anaharakisha. Mama yako hakuwahi kuwa na haraka hivi."

"Ikiisha utafanya nini?"

"Nitavaa."

"Halafu?"

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniudhi.

"Wewe ni mutu mukubwa, Nina. Una kazi. Una mifuko yako mizuri."

"Mfuko utaniuliza kama nimekula? Nikichelewa kwa mvua, mfuko utasimama dirishani? Umefumua kazi zangu zote na sijasema neno, Baba, uzi ni uzi, nitanunua mwingine. Wewe nitakununua wapi?"

Mikono yake haikushuka. Uzi uliendelea kwenda.

Sikumpigia Gad. Nilikwenda jikoni nikachukua chupa ya soda ya tangawizi, kwa kuwa pombe ya mtama ilikuwa upande wa pili wa dunia, na vikombe vitatu. Nikaketi kwenye zulia mbele ya kiti cha Mama. Maneno ya kuganduka nilikuwa nimeyasikia utotoni kupitia mlango wa jikoni tu, wanawake wakipakua, sauti za wanaume zikiwa nje. Niliyasema kama nilivyoyakumbuka, na nisipokumbuka niliweka yangu.

"Mama. Ni Ninahazwe. Gad angesimama hapa, lakini njia imefungwa. Mwaka umepita na zaidi. Tumekulilia, wengine kwenye simu. Mimi nilikuhamishia kazi kabla hujaachiwa, nilitaka ikae pazuri. Leo msiba umekwisha. Kinywaji chako hiki. Jembe lako ni hizi sindano, na anayelipokea ni mimi."

Nikaingiza mkono mfukoni.

Sindano zilikuwa za moto, kama zinavyokuwa zimeshikwa kutwa. Nilivuta, hazikuja. Hazikunivuta nazo. Ulikuwa ukaidi mdogo tu, na niliujua: Mama hakuacha mstari katikati, hata chungu kiungue. Ukimwita alikuwa anainua kidole kimoja. Subiri. Basi nikasubiri. Mkono wangu ulikaa juu ya kitu kilichokuwa kinafanya kazi, nikasikia kila kitanzi kinaingia, kinazungushwa, kinatoka, na hariri ya bitana ikinipapasa kifundo. Sijui ulikuwa mstari mrefu kiasi gani. Jua lilihama kutoka zuliani likapanda ukutani. Kisha pakawa na ile nafasi ndogo, pale anapogeuza.

"Mama, nipe."

Hazikuja. Nikatazama uzi. Ulikuwa umekazwa kama waya, na aliyeukaza hakuwa upande wa mfuko. Baba alikuwa amefunga ngumi.

"Baba, mwachie."

"Kule ni baridi," akasema. "Aliondoka na ile gauni ya hospitali, Nina, ya kufunga nyuma. Hawakuturuhusu hata kumuvalisha. Mimi nimebaki na makoti. Yeye anakaa ananifumia mimi, na yeye mwenyewe hana kitu."

Sikujua. Mwaka mzima na zaidi tuliishi chumba kwa chumba na sikujua kwamba hilo ndilo alilokuwa anashinda nalo dirishani.

"Basi mpe hiyo," nikasema. "Ni sweta. Mpe avae yeye."

Sindano zilisimama, kama watu wawili wanaongoja wa tatu aseme. Baba aliutazama mfuko kwa muda. Kisha akaongea naye Kirundi, maneno ambayo ni yao na sitayaandika. La mwisho tu lilikuwa Kiswahili, kwa ajili yangu nadhani:

"Anésie. Vaa wewe. Mimi mutoto amenikatalia."

Akafungua ngumi. Akashusha mikono magotini. Uzi wa kijani ukalegea wote, ukaanguka juu ya zulia, na sindano zikaja mkononi mwangu nyepesi, zinapoa.

Mkono wa kushoto wa sweta ulikuwa na mistari michache. Niliifunga pale pale, nikakata uzi kwa meno, nikaunganisha vipande siku zilizofuata bila kuongeza hata kitanzi kimoja. Haikukua tena. Baba alianza kula. Vidonge alivimeza akilalamika, kama zamani. Daktari alimpima kwenye simu kwa maswali, akasema yuko vizuri kwa umri wake.

Oktoba wakafungua. Gad alikuja siku ya kwanza kabisa, na maua na keki, nywele ndefu kama mhubiri wa barabarani, tayari kunigombeza kwa kufanya kuganduka peke yangu na chupa ya soda. Tulipanga kwenda makaburini kumpelekea Mama sweta yake, ya kahawa na waridi na nyeupe na manjano na kijani. Baba alitoka chumbani akampa mkono wa kushoto.

Gad akacheka. "Baba! Wa kushoto? Wewe uliyenichapa kwa kupokea chakula na huo?"

"Pokea huu tu, mwanangu."

"Aa, sipokei. Nipe mkono wa salamu."

Baba akampa. Gad aliushika akicheka bado, akautikisa, kisha kicheko kikakatika. Aliugeuza, akautazama kiganjani, akapandisha vidole vyake taratibu kwenye kifundo, kwenye kiwiko, akafika begani na kuvuka kifuani, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akanitazama mimi.

"Mbona yuko hivi?"

"Hiyo yote imeshakwenda na mama yako," Baba akasema, bila huzuni. Akauchomoa mkono wake, akamrudishia ule wa kushoto, na safari hii Gad aliushika kwa mikono yote miwili.